Asiyekuwepo na Lake Halipo

Tarehe 11 Machi 2025 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipiga kura na kuamua kwamba siku si siku. Si mzaha. Sheria ya hali ya dharura ya mwaka 1976 inasema mbunge akiwasilisha azimio la kufuta dharura iliyotangazwa na rais, kamati husika ina siku 15 za kalenda kulitolea taarifa, kisha lipigiwe kura upesi, uongozi upende usipende. Rais Donald Trump alikuwa ametangaza dharura mwezi Februari ili atoze ushuru bidhaa za Canada na Mexico, na wapinzani wake wa chama cha Democratic walikuwa na azimio lao mkononi. Wakuu wa Republican hawakutaka wabunge wao waonekane wakimpinga rais, wala hawakutaka waonekane wakiutetea ushuru mbele ya wapiga kura wanaonunua bidhaa hizo. Basi wakachomeka kifungu kifupi ndani ya kanuni za kujadili jambo jingine kabisa, la fedha za kuendeshea serikali: kwa muda wote uliobaki wa kikao kile, siku yoyote itakayopita haitahesabika kuwa siku ya kalenda kwa shughuli za azimio hilo. Kanuni ikapita kwa kura 216 dhidi ya 214. Tangu hapo jua lilichomoza na kutua Washington kama kawaida, lakini katika daftari la Baraza ilibaki siku ileile moja.

Naanza na kifungu hicho kwa sababu hakikuandikwa sana, na kwa sababu kinaeleza mengi kuliko vichwa vya habari vilivyojaa tangu Trump arudi Ikulu. Tumezoea kusimuliwa siasa za Marekani za leo kama pambano la watu wawili ulingoni: upande huu rais anayetia saini amri moja baada ya nyingine, upande ule majaji wanaozizuia. Kila wiki tunaulizwa nani kashinda raundi. Masimulizi hayo yanapendeza, lakini yanamsahau wa tatu, ambaye Katiba ya Marekani ya 1787 ilimtaja kwanza kuliko wote. Kifungu cha kwanza cha Katiba hiyo kinahusu Bunge. Kutoza kodi na ushuru, kutangaza vita, kusimamia biashara na mataifa ya nje, kuidhinisha kila dola inayotoka hazina, yote ni kazi yake. Hoja yangu ni kwamba mamlaka ya rais wa Marekani hayakuvimba kwa sababu rais fulani ni jasiri au mkorofi, wala kwa sababu majaji ni dhaifu. Yamevimba kwa sababu mwenye nyumba alitoka akaacha funguo mezani, na mahakama haiwezi kuilinda nyumba kwa niaba ya mtu asiyetaka kurudi.

Anayedhani mahakama inaweza kumzuia rais kwa nguvu zake yenyewe atatoa mfano wa 1952, na ni mfano mzuri kweli. Aprili mwaka huo, vita vya Korea vikiendelea na wafanyakazi wa viwanda vya chuma wakijiandaa kugoma, Rais Harry Truman aliamuru serikali ivichukue viwanda hivyo. Alisema bila chuma hakuna risasi, na bila risasi askari watakufa. Tarehe 2 Juni Mahakama ya Juu ikamwambia, kwa majaji sita dhidi ya watatu, kwamba hana mamlaka hayo. Truman alivirudisha siku hiyohiyo, na wafanyakazi wakagoma kwa zaidi ya wiki saba. Kila mwanafunzi wa sheria Marekani anaifahamu kesi hiyo, hasa maoni ya Jaji Robert Jackson, aliyesema nguvu za rais hupanda na kushuka kulingana na kile ambacho Bunge limesema. Rais akifanya jambo Bunge likiwa limemruhusu, yuko kileleni. Bunge likiwa kimya, yuko katika giza la jioni ambapo mtu haoni vizuri mipaka. Bunge likiwa limekataa, yuko chini kabisa. Na mwaka 1947, wakati wa kutunga sheria ya migogoro ya kazi, Bunge lilikuwa limelijadili wazo la kumpa rais uwezo wa kutwaa viwanda, likalitupa. Ukiisoma hukumu kwa makini, utaona majaji walikuwa wakirudisha neno ambalo Bunge lilikwisha kulisema. Nguvu waliyomshikia Truman ilikuwa ya kukopa. Jackson mwenyewe alionya kwamba hakuna hukumu itakayoyabakiza mamlaka mikononi mwa Bunge kama Bunge lenyewe litalegeza vidole.

Mfano wa pili unaopendwa ni wa Rais Richard Nixon. Tarehe 24 Julai 1974 majaji wote wanane walioisikiliza kesi, watatu kati yao wakiwa wameteuliwa na Nixon mwenyewe, walimwamuru atoe kanda alizorekodia mazungumzo ofisini kwake. Alizitoa, na wiki mbili baadaye akatangaza kujiuzulu. Lakini tazama kilichotokea katikati. Siku tatu baada ya hukumu, kamati ya sheria ya Baraza la Wawakilishi ilipitisha shitaka la kwanza la kumwondoa madarakani, na baadhi ya wabunge wa chama chake wakaunga mkono. Tarehe 7 Agosti vigogo watatu wa Republican, akiwemo Seneta Barry Goldwater, walikwenda Ikulu kumweleza kwamba kura za kumwokoa katika Seneti hazipo. Karatasi ya mahakama ilifungua kabati la kanda. Mlango wa kutokea ulifunguliwa na watu waliokuwa na kura mfukoni.

Sasa turudi kwenye funguo. Mwaka 1973 kamati maalumu ya Seneti ilifukua sheria zote zilizompa rais madaraka ya ziada wakati wa dharura, ikakuta sheria 470. Ikagundua pia kwamba nchi ilikuwa chini ya hali nne za dharura kwa mpigo, ya zamani zaidi ikiwa ya mwaka 1933, zama za kuanguka kwa mabenki, ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta. Ndipo ikaja sheria ya 1976. Rais aliruhusiwa kutangaza dharura kwa saini yake tu, lakini mabaraza mawili ya Bunge yangeweza kuifuta kwa kura ya wingi wa kawaida, bila saini ya rais. Ulikuwa ufunguo wenye kamba: ukiuazima vibaya, mwenyewe anauvuta.

Kamba hiyo ilikatwa mwaka 1983, na aliyesababisha, bila kukusudia, alikuwa mzaliwa wa Kenya. Kijana wa asili ya Kihindi alikwenda Ohio kusoma akiwa na pasi ya Uingereza, viza yake ikaisha 1972, na serikali ikataka kumwondoa. Jaji wa uhamiaji alisimamisha kuondolewa kwake. Lakini sheria ya siku hizo iliruhusu baraza moja tu la Bunge kuutengua uamuzi wa namna hiyo, na Desemba 1975 Baraza la Wawakilishi lilichukua orodha ya watu 340 waliohurumiwa, likachomoa majina sita, lake likiwemo, likaamua waondoke. Hapakuwa na mjadala, wala kura ya kuhesabiwa majina. Kesi hiyo, ambayo wanasheria huiita kwa jina lake, kesi ya Chadha, ilipofika Mahakama ya Juu, majaji saba dhidi ya wawili walisema Bunge haliwezi kufanya jambo lenye nguvu ya sheria bila kupitia mabaraza yote mawili na kisha meza ya rais. Kwa haki ya mtu mmoja aliyekuwa karibu kufukuzwa nchini kimyakimya, hukumu ilikuwa njema. Jaji Byron White, mmoja wa wale wawili, alionya kwamba inagusa karibu sheria 200 ambamo Bunge lilikuwa limejiwekea kamba kama ile. Mojawapo ilikuwa sheria ya dharura. Mwaka 1985 ikarekebishwa: azimio la kufuta dharura sasa lazima litiwe saini na rais, yaani mtu yuleyule aliyeitangaza. Akikataa, zinahitajika theluthi mbili za kila baraza.

Uzito wa badiliko hilo ulionekana mwaka 2019. Bunge lilikataa kumpa Trump fedha zote alizotaka za ukuta wa mpakani, naye tarehe 15 Februari akatangaza dharura ili azichukue penginepo. Mabaraza yote mawili yakapitisha azimio la kumpinga. Katika Seneti, iliyokuwa mikononi mwa chama chake, matokeo yalikuwa 59 dhidi ya 41. Siku iliyofuata akapiga kura ya turufu. Baraza la Wawakilishi lilipojaribu kuishinda turufu hiyo lilipata kura 248 dhidi ya 181, chache mno kufika theluthi mbili. Dharura ikaendelea, na Julai Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, ikaruhusu dola bilioni 2.5 za Wizara ya Ulinzi zitumike wakati kesi ikisubiri. Mizani ikawa imegeuzwa: zamani rais alihitaji wingi wa wabunge ili apewe mamlaka, siku hizi anahitaji theluthi moja tu ya baraza moja ili asinyang'anywe.

Kuna pingamizi moja linalostahili kujibiwa hapa. Watetezi wa rais husema Bunge halikutoroka. Wananchi walimchagua rais na wabunge wa chama chake, wabunge hao wanakubaliana naye, na kukaa kwao kimya ni ridhaa. Hoja hii ina uzito kuliko wapinzani wanavyokiri, kwa sababu mbunge aliyechaguliwa kwa mgongo wa rais hana deni la kumgomea. Lakini kama ni ridhaa, kwa nini isimamishwe kalenda? Anayekubali hunyoosha mkono. Aliyewahi kuona mkutano ambao wajumbe wanatoka nje kujibu simu saa ya kupiga kura anaijua tofauti ya kukubali na kukwepa. Katika Seneti, ambako kalenda haikusimamishwa, azimio la kufuta dharura nyingine, ya ushuru wa dunia nzima, lilikwama kwa 49 kwa 49 mwezi Aprili 2025, na Oktoba jingine la namna hiyo likapita kwa 51 dhidi ya 47. Likaishia mlangoni mwa Baraza la Wawakilishi, ambako siku za dharura hiyo nayo zilikuwa zimefungiwa.

Ushuru ndio mahali ambapo jambo hili linatufikia hata sisi huku. Tangu mwaka 2000, sheria ya AGOA, iliyopitishwa na Bunge la Marekani baada ya mivutano mirefu, iliruhusu nguo zinazoshonwa katika viwanda vya Athi River, Kenya, ziingie Marekani bila ushuru. Tarehe 2 Aprili 2025 rais alisimama katika bustani ya Ikulu akiwa na ubao wa orodha ya nchi. Kenya, Tanzania na Uganda ziliandikiwa asilimia 10, Kongo asilimia 11, Lesotho asilimia 50. Kilichotungwa na mabaraza mawili kikafunikwa kwa saini moja, na saini hiyo ikaegemea sheria ya 1977 ya madaraka ya kiuchumi wakati wa dharura, sheria ambayo ndani yake neno ushuru halimo. Kuna ruhusa ya "kusimamia" uagizaji wa bidhaa, basi. Kwa miaka karibu hamsini marais waliitumia kuzuia mali za maadui, na dharura yake ya kwanza kabisa, ile ya Iran ya Novemba 1979, inahuishwa kila mwaka hadi leo. Anayesema rais anahitaji wepesi kwa kuwa Bunge ni zito, amesema kweli kwa wiki ya kwanza, pengine kwa mwezi wa kwanza. Dharura iliyozaliwa kabla ya wengi wa wafanyakazi wa Athi River haiwezi tena kujitetea kwa wepesi.

Mahakama ilifanya kazi yake. Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani iliukataa ushuru huo Mei 2025, mahakama ya rufaa ikaukataa Agosti kwa majaji saba dhidi ya wanne, na Mahakama ya Juu ikasikiliza hoja tarehe 5 Novemba. Siku hiyo Jaji Neil Gorsuch, ambaye Trump mwenyewe alimteua mwaka 2017, ndiye aliyeuliza swali lililogonga penyewe: kama Bunge likishatoa mamlaka haliwezi kuyarudisha bila kuishinda turufu, je, hili si gurudumu linalozunguka upande mmoja tu, siku zote kuelekea kwa rais? Tarehe 20 Februari 2026 hukumu ikasomwa, sita dhidi ya tatu, ikiandikwa na Jaji Mkuu John Roberts: sheria ya 1977 haimpi rais uwezo wa kutoza ushuru. Wapinzani wa rais walishangilia, na walikuwa na haki. Ila hesabu muda. Karibu mwaka mzima ushuru ulikusanywa kwa mabilioni ya dola, waagizaji wakapandisha bei, mikataba ya kibiashara ikasainiwa chini ya tishio lake. Jaji huamua kesi iliyoletwa mbele yake, baada ya madhara kutokea na mawakili kulipwa. Mbunge angeweza kusema hapana siku ya pili.

Wapo watakaosema naionea huruma mahakama, na kwamba yenyewe imemwongezea rais nguvu. Kwa kiasi fulani wana haki. Tarehe 1 Julai 2024 majaji sita waliamua kwamba rais ana kinga ya kutoshitakiwa kwa jinai kwa matendo yake ya kiofisi, kinga ambayo haikuandikwa popote katika Katiba. Jaji Sonia Sotomayor alipinga kwa maneno makali, na nadhani historia itakuwa upande wake. Tarehe 27 Juni 2025 mahakama hiyohiyo ilizizuia mahakama za chini kutoa amri zinazomkinga kila mtu nchini kwa mpigo, katika kesi iliyotokana na amri ya rais ya kuwanyima uraia baadhi ya watoto wanaozaliwa Marekani, ingawa marekebisho ya 14 ya mwaka 1868 yanasema wazaliwa ni raia. Wiki mbili baadaye jaji wa New Hampshire aliwakusanya watoto hao katika kesi moja ya pamoja na kuwakinga tena, kwa hiyo mlango haukufungwa kabisa. Lakini hata hukumu hizi, ambazo sizipendi, zimelegeza breki tu. Injini ni sheria ambazo Bunge liliziandika kwa maneno mapana na kuziacha bila ulinzi. Na tabia ya kuzichokonoa si ya chama kimoja. Joe Biden alijaribu kufuta mikopo ya wanafunzi ya takriban dola bilioni 400 akitumia sheria ya mwaka 2003 iliyotungwa kwa ajili ya wanajeshi walio vitani na watu waliokumbwa na maafa, na Juni 2023 Mahakama ya Juu ikamkatalia. Barack Obama kabla yake alisema ana kalamu na simu, na aliposhindwa kupata sheria ya uhamiaji akaitumia kalamu. Waliompigia makofi wakati ule ndio waliokuja kulalamika baadaye, na kinyume chake.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wale wanaosema swali halisi ni kama rais atatii, kwa kuwa mahakama haina polisi wala askari. Machi 2025 lilikaribia kujibiwa. Trump aliiamsha sheria ya mwaka 1798 ya maadui wa kigeni, iliyowahi kutumika katika vita vitatu tu vilivyotangazwa, akadai genge la Venezuela limeivamia nchi. Jumamosi tarehe 15, Jaji James Boasberg alisema kwa mdomo, kikao kikiendelea, kwamba ndege zilizobeba watuhumiwa zigeuzwe. Hazikugeuzwa. Watu zaidi ya 200 waliteremshwa El Salvador na kuingizwa gerezani. Rais akataka jaji aondolewe kazini, na Jaji Mkuu Roberts akalazimika kutoa taarifa ya hadharani kwamba kumwondoa jaji si jibu la kutoipenda hukumu. Mwezi uliofuata, usiku wa manane wa kuamkia tarehe 19 Aprili, Mahakama ya Juu ilitoa amri ya haraka kuzuia safari nyingine, na safari hiyo haikufanyika. Ukiyaweka matukio hayo pamoja hupati uasi wala utii. Unapata serikali inayotii polepole, kwa kupima, huku ikiangalia kama kuna atakayeidai. Na ni nani mwingine angeidai? Mwaka 1974 walikuwepo watu wa kwenda Ikulu wakiwa na hesabu ya kura. Mwaka 2025 Bunge hilohilo, lenye uwezo wa kuirekebisha sheria ya 1798 kwa sentensi moja, kunyima fedha za ndege hizo, na kuwaita mawaziri wajieleze kwa kiapo, liliwaachia kazi yote majaji na mawakili wa kujitolea.

Siku ileile ushuru ulipofutwa Februari 2026, rais hakukaa kulia. Alitangaza ushuru mwingine wa asilimia 10 kwa dunia nzima, akitumia kifungu cha sheria ya biashara ya 1974 kuhusu upungufu wa urari wa malipo. Ni ufunguo mwingine kutoka kwenye kishada kilekile. Huu una masharti makali zaidi: hauwezi kuzidi asilimia 15, wala kupita siku 150, isipokuwa Bunge lipitishe sheria ya kuziongeza. Siku mia na hamsini, imeandikwa hapo. Waliotunga sheria hiyo hawakuona haja ya kueleza siku ni nini.